Namna ya Kukusanya Rekodi za Mwanzo za Jim Reeves Ukiwa Nairobi

Anayeanza kukusanya santuri za Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani, jijini Nairobi hasumbuliwi na uhaba. Wamarekani waliopendwa na wasikilizaji wa Kenya kama yeye ni wachache: sauti yake imejaa redioni kwa miongo mingi, nyimbo zake za dini zinajulikana hata na watu wasiowahi kumiliki santuri, na kila Desemba nyimbo za albamu yake ya Krismasi ya mwaka 1963 husikika tena madukani na ndani ya matatu. Shida huanza pale unapozipanga santuri hizo mezani na kuzichunguza moja baada ya nyingine. Mara nyingi utaona kwamba ulichonunua ni mkusanyo uliotolewa baada ya yeye kufariki katika ajali ya ndege karibu na Nashville tarehe 31 Julai 1964, na kwamba rekodi za miaka yake ya kwanza ama hazimo kabisa, ama zimo zikiwa zimeongezewa vyombo ambavyo havikuwapo studioni siku alipoimba.

Kwa sababu hiyo, kanuni ya kwanza na iliyo kuu kuliko zote ni kukusanya rekodi, wala si majina ya nyimbo. Jina moja lililochapishwa kwenye majalada matatu linaweza kuwa nyimbo tatu zilizorekodiwa katika miaka tofauti, na linaweza pia kuwa uimbaji mmoja ulewule uliovikwa muziki mara tatu. Mkusanyaji asiyeweza kutenganisha hali hizi mbili atalipia kitu kilekile mara nyingi, na huenda akakiacha sokoni kile alichokuwa akikitafuta kwa miaka.

Kabla ya kununua chochote, jiwekee mpaka wa wakati. Napendekeza uanze mwaka 1949 na kuishia Oktoba 1959, kwa kuwa ndani ya miaka hiyo sauti ya Reeves ilibadilika kwa namna inayoweza kufuatwa hatua kwa hatua. Mwanzoni kabisa aliimbia kampuni ndogo ya Macy's ya mjini Houston, Texas, iliyotoa nyimbo zake nne, zikiwamo «My Heart's Like a Welcome Mat» na «Chicken Hearted». Hizo ni santuri za mizunguko 78 kwa dakika, zilizouzwa kidogo sana wakati wake, na kuzipata zikiwa halisi ni bahati kubwa. Mkusanyaji wa Nairobi atosheke kuzisikia kwenye matoleo ya baadaye. Kisha ikaja enzi ya kampuni ya Abbott iliyoongozwa na Fabor Robison. Wakati huo Reeves alikuwa mtangazaji wa kituo cha redio cha KWKH huko Shreveport, Louisiana, na wimbo «Mexican Joe» wa mwaka 1953 ndio uliomtoa kwenye meza ya utangazaji na kumweka jukwaani. «Bimbo» ulifuata na kushika nafasi ya kwanza kwenye chati za kantri mapema mwaka 1954. Sikiliza rekodi hizo kwa makini: sauti iko juu, mwendo ni wa haraka, fidla na gitaa la chuma vinamkimbiza, na mwimbaji anapaza sauti kana kwamba anaimbia ukumbi uliojaa watu. Wapo wapenzi wengi wa Reeves wanaozipuuza rekodi hizi kwa kuwa hazina ule upole waliouzoea. Naamini wanajinyima, kwa maana bila kuzijua mtu hawezi kutambua ukubwa wa kile alichokifanya baadaye.

Mwaka 1955 alihamia RCA Victor na kurekodi «Yonder Comes a Sucker», wimbo ambao bado una uchangamfu wa Abbott. Mabadiliko makubwa yalitokea tarehe 7 Februari 1957 huko Nashville, aliporekodi «Four Walls» chini ya usimamizi wa Chet Atkins. Siku hiyo aliishusha sauti na kuisogelea maikrofoni hadi midomo ikakaribia kuigusa, vyombo vikapunguzwa, na waitikiaji wakawekwa nyuma kwa utulivu. Miaka miwili na miezi minane baadaye, tarehe 15 Oktoba 1959, alirekodi «He'll Have to Go», Floyd Cramer akipiga piano na kundi la Anita Kerr likiitikia. Wimbo huo ulitolewa kwanza kama upande wa pili wa santuri, lakini watangazaji wa redio waliugeuza na kuupendelea, na mwaka 1960 ukafika nafasi ya pili katika chati kuu ya Marekani. Hapo ndipo ninapoufunga mpaka wa rekodi za mwanzo, kwa kuwa baada ya wimbo huo mtindo wake ulikuwa umekwisha kukaa.

Ukishaweka mpaka, jifunze aina tatu za tofauti utakazokutana nazo. Aina ya kwanza ni wimbo uliorekodiwa upya. Mfano wake bora ni «Am I Losing You», uliovuma mwaka 1957 na ambao Reeves aliurudia studioni kwa toleo la mwaka 1960. Matoleo yote mawili yana jina lilelile, mtunzi yuleyule na mwimbaji yuleyule, na mikusanyo mingi haisemi ni lipi lililotumika. Aina ya pili ni teki mbadala, yaani wimbo ulioimbwa zaidi ya mara moja katika kikao kilekile, teki moja ikachaguliwa kwa santuri na nyingine zikabaki kwenye kanda hadi kampuni fulani ilipozitoa miaka mingi baadaye. Aina ya tatu, ambayo kwa Reeves ndiyo inayotatiza kuliko zote, ni uimbaji uleule uliobadilishwa baada ya kurekodiwa: kuongezewa vinanda na waitikiaji, kutiwa mwangwi, au kugeuzwa kuwa stirio ya bandia.

Inafaa kukaa kidogo kwenye aina hii ya tatu. Baada ya kifo cha Reeves, mjane wake Mary pamoja na RCA waliendelea kutoa santuri mpya kwa kutumia kanda zilizokuwa zimehifadhiwa, zikiwamo za majaribio ambazo hazikukusudiwa kuuzwa. «Distant Drums» ilikuwa rekodi ya namna hiyo. Iliongezewa okestra, na mwaka 1966 ikashika nafasi ya kwanza nchini Uingereza kwa majuma matano, mwimbaji akiwa amelala kaburini kwa miaka miwili. Mwaka 1979 sauti yake iliunganishwa na ya Deborah Allen, na mwaka 1981 ikaunganishwa na ya Patsy Cline, ambaye naye alifariki mwaka 1963, ili zisikike kama wawili hao walisimama pamoja mbele ya maikrofoni. Rekodi hizi ziko nje ya mpaka wetu wa wakati, lakini zinafundisha jambo la kuangaliwa: ukiona jina la wimbo wa miaka ya 1950 kwenye jalada la miaka ya 1970 au 1980, usidhani kwamba muziki ulio nyuma ya sauti ni wa miaka ya 1950.

Njia ya kuaminika ya kutenganisha aina hizi ni kulinganisha pumzi. Hamishia matoleo mawili ya wimbo mmoja kwenye kompyuta, yafungue ndani ya programu ya bure ya Audacity, moja juu ya jingine, kisha uyasogeze hadi neno la kwanza la ubeti wa kwanza lianze pamoja. Yacheze yote mawili kwa wakati mmoja. Ikiwa ni teki ileile, sauti ya mwimbaji itabaki imeungana kutoka mstari hadi mstari hata kama vinanda vya toleo moja havimo kwenye jingine. Huenda ikaachana polepole kwa sababu mashine mbili hazikuzunguka kwa kasi moja, lakini kuachana huko huongezeka kwa kasi ileile mwanzo hadi mwisho. Ikiwa ni teki tofauti, sauti zitaachana kwa namna isiyo na mpangilio, mara moja iko mbele, mara iko nyuma. Hakuna mwimbaji anayevuta pumzi mahali palepale kwa urefu uleule mara mbili, na Reeves, aliyeimba karibu sana na maikrofoni kuanzia mwaka 1957, ameziacha pumzi zake wazi kabisa kwenye kanda. Fanya zoezi hili kwanza kwa matoleo mawili ya «Am I Losing You» ili sikio lako lijue jinsi rekodi mbili tofauti zinavyoachana, ndipo uliendee toleo usilolijua.

Kwenye santuri yenyewe, ushahidi mkubwa umo katika ukanda mtupu ulio kati ya mwisho wa wimbo na karatasi ya lebo. Lebo huchapishwa upya na majalada hubadilishwa, lakini maandishi yaliyochongwa au kupigwa muhuri kwenye ukanda huo hubaki. Ishike santuri kwa kingo, zima taa ya juu, kisha umulike kwa tochi ya simu kutoka pembeni, karibu sambamba na uso wa santuri. Maandishi yaliyokuwa hayaonekani yatajitokeza kwa vivuli vyake. Kwa santuri za RCA za Marekani, herufi ya kwanza ya namba ya matriksi, yaani namba hiyo iliyo kwenye ukanda mtupu, huonyesha mwaka: F ni 1955, G ni 1956, H ni 1957, herufi I ikarukwa na J ikawa 1958, K ni 1959 na L ni 1960. Kumbuka tu kwamba kwenye santuri ndefu herufi hiyo hueleza mwaka ambao upande mzima ulitayarishwa, hivyo upande wenye herufi L unaweza kubeba wimbo uliorekodiwa mwaka 1956. Mwishoni mwa namba utaona alama kama 1S, 2S au 5S. Wanunuzi wengi huamini kwamba hizo ni namba za teki, na baadhi ya wauzaji huwatoza zaidi kwa sababu hiyo. Alama hizo huhesabu mara ambazo bamba la kuchapishia lilikatwa kutoka kwenye kanda, na 1S na 5S kwa kawaida hubeba uimbaji uleule. Herufi iliyo peke yake, I, H au R, hutaja kiwanda: Indianapolis, Hollywood au Rockaway.

Namba ya jalada nayo husema mengi. Kwenye albamu za RCA za Marekani, LPM ni mono, yaani sauti ya njia moja, na LSP ni stirio, yaani sauti ya njia mbili. Ukiona LSP ikifuatwa na herufi ndogo «e» ndani ya mabano, fahamu kwamba hiyo ni rekodi ya mono iliyogawanywa kwa umeme ili ifanane na stirio, na iache isipokuwa huna njia nyingine ya kuusikia wimbo huo. Rekodi zote za Macy's na Abbott, na za RCA hadi karibu na mwisho wa muongo huo, zilifanywa kwa mono, na katika mono ndipo sauti inaposimama mahali pake. Lebo ya rangi ya machungwa ya RCA ilianza mwishoni mwa mwaka 1968, kwa hiyo albamu ya Marekani yenye lebo hiyo si chapa ya kwanza ya rekodi yoyote tunayoizungumzia. Lebo ya bei nafuu ya RCA iitwayo Camden, ambayo santuri zake hukutwa mara nyingi, isidharauliwe: mikusanyo kama «According to My Heart» ya mwaka 1960 na «The Country Side of Jim Reeves» ya mwaka 1962 ilitolewa Reeves akiwa hai, kabla ya kazi ya kuongeza vyombo kuanza. Albamu «Bimbo» ya mwaka 1957 ni ya thamani kwa sababu RCA ilikusanya humo nyimbo za enzi ya Abbott, na ni rahisi zaidi kuipata kuliko albamu ya Abbott yenyewe, «Jim Reeves Sings».

Kwa hapa Nairobi, utakutana zaidi na chapa za Uingereza, na mara mojamoja za Afrika Kusini, nchi ambayo Reeves aliizuru mwaka 1962 na kurudi kuigiza katika filamu «Kimberley Jim» iliyotoka mwaka 1963. Kuanzia mwaka 1957 hadi 1969 santuri za RCA nchini Uingereza zilitengenezwa na Decca, na kwenye albamu za miaka ya 1960 RD ilikuwa mono na SF stirio. Chapa hizo husikika vizuri sana, na mimi huzipendelea kuliko chapa za Marekani zilizochakaa kwenye sanduku la muziki la baa. Baadhi ya nyimbo za Abbott zilitolewa Uingereza kwa lebo ya London. Ukiona jina la Reeves chini ya lebo hiyo, inunue kwanza, maswali utauliza ukifika nyumbani.

Mahali pa kuanzia ni vibanda vya santuri vya Kenyatta Market, katikati ya moshi wa nyama choma na wasusi wa nywele, kisha masoko ya mitumba kama Gikomba na Toi, ambako santuri hujitokeza bila ratiba ndani ya makasha ya vitabu na vyombo. Hazina kubwa zaidi, hata hivyo, imo majumbani. Wazee wengi waliokuwa na gramafoni katika mitaa ya Eastlands bado wamezihifadhi santuri zao juu ya kabati, na wengi wao wangependa kuzungumza juu yake kabla ya kuzungumza juu ya bei. Mwendee mzee kwa heshima, keti, mwache akusimulie alizinunua wapi, na umwombe ruhusa ya kupiga picha lebo na ukanda mtupu wa kila santuri, hata zile ambazo hauzi. Picha hizo zitakufaa kuliko santuri kadhaa utakazonunua kwa pupa. Sokoni, usinunue kwa kutazama jalada peke yake, kwani majalada na santuri hutenganishwa na kuchanganywa kila zinapohamishwa. Toa santuri nje, isome lebo, iinamishe kwenye mwanga uone mikwaruzo, na pitisha ukucha taratibu juu ya mkwaruzo unaoutilia shaka: usioshikwa na ukucha mara nyingi hausikiki, unaoshikwa utasikika kila mzunguko.

Ukiagiza kutoka nje kwa njia ya Discogs, soko la santuri la mtandaoni, soma namba ya matriksi aliyoandika muuzaji, na kama hakuiandika mwombe picha kabla ya kulipa. Weka akilini gharama ya usafirishaji na ushuru utakaodaiwa mzigo ukifika, kwani mara nyingi jumla yake huzidi bei ya santuri yenyewe. Santuri za mizunguko 78 huvunjika kama sahani ya udongo. Muuzaji asiyejua kuzifunga kati ya mbao nyembamba au kadibodi nzito mbili, mwache.

Usafi unahitaji uangalifu. Vumbi la Nairobi ni jepesi na huingia kwenye mifereji, na katika baridi ya Juni na Julai majalada yaliyoegemezwa kwenye ukuta wenye unyevu huota ukungu. Simamisha santuri wima, mbali na ukuta na dirisha, ndani ya mifuko mipya ya ndani. Kwa kuosha, tumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya betri za magari, ukihakikisha kwamba ulichopewa ni maji na wala si asidi. Tia tone moja la sabuni laini ya vyombo, pangusa kwa kufuata mzunguko wa mifereji, kisha suuza. Usiguse kamwe santuri ya 78 kwa spiriti, maana spiriti huyeyusha sheleki iliyoitengeneza. Sindano nayo ni tofauti: mifereji ya 78 huhitaji sindano yenye ncha ya takriban mikroni 76, ilhali santuri ndefu za mono za miaka ya 1950 hutulia vizuri kwenye ncha ya mikroni 25. Sindano ya kisasa ikizama chini ya mfereji wa 78 husoma takataka zilizolala humo badala ya muziki.

Kwa teki mbadala na kanda zisizoongezewa vyombo, santuri za zamani hazitoshi. Kampuni ya Bear Family ya Ujerumani ilitoa seti ya CD nne za rekodi za RCA za miaka 1955 hadi 1959 iitwayo «Gentleman Jim», na mwaka 1994 ikatoa «Welcome to My World», seti ya CD 16 yenye kitabu kinachoorodhesha tarehe za vikao na wanamuziki. Hata kama huwezi kuinunua, tafuta mtu mwenye kitabu hicho mkae nacho jioni moja ukinakili tarehe. Kuwa mwangalifu na CD nyingi za bei rahisi zinazotoka Ulaya. Rekodi zilizotolewa kabla ya mwaka 1963 ziliishiwa na ulinzi wa hakimiliki huko, kwa hiyo yeyote anaweza kuzichapisha, na wengi huchukua kanda yoyote waliyoipata bila kueleza asili yake. Huduma za kusikiliza muziki mtandaoni nazo huandika mwaka wa mkusanyo mahali pa mwaka wa kurekodi. Usinakili tarehe kutoka huko.

Daftari lako lipangwe kwa vikao. Kila ukurasa ubebe tarehe moja ya kurekodi, chini yake nyimbo zilizoimbwa siku hiyo, na mbele ya kila wimbo matoleo uliyo nayo: namba ya jalada, maandishi ya ukanda mtupu, mono au stirio, vyombo vilivyoongezwa kama vipo, na matokeo ya zoezi la pumzi. Pale ambapo hujathibitisha, acha nafasi wazi badala ya kukisia. Unapohamishia santuri kwenye kompyuta, hifadhi faili la kwanza lisilosafishwa kwa kiwango cha biti 24, na ufanye kazi ya kuondoa mikwaruzo kwenye nakala, kwa sababu programu za kusafisha hufuta pumzi pamoja na vumbi. Santuri ulizo nazo mara mbili usiziuze kabla ya kulinganisha maandishi ya ukanda mtupu wa kila moja. Zikiwa na namba tofauti, zipitishe zote kwenye Audacity kwanza, kisha ile inayobaki mpelekee mkusanyaji mwenzako mbadilishane kwa santuri itakayojaza ukurasa ulio mtupu katika daftari lako.